Sijida Juu ya Jalidi

Namshukuru Mwenyezi Mungu, anayelijua kila jani kabla halijatoka ardhini, aliyenileta nchi ya baridi nikiwa kijana mwenye koti jepesi na akanilinda mpaka nimekuwa mzee mwenye makoti matatu. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, vijana wangu, nina hasira. Daktari ameniambia nisikasirike. Mke wangu ameniambia nisikasirike. Mimi mwenyewe nimesomesha madrasa hapa Harrow miaka mingi, na nimewaambia watoto wenu kwamba mwenye nguvu ni yule anayeizuia nafsi yake. Lakini Ijumaa iliyopita, tulipokuwa tunavaa viatu baada ya sala, kijana mmoja aliniuliza mbele za watu, "Babu, ni kweli ulikuwa unakata majani ya wazungu maisha yako yote?" Wenzake wakacheka. Akaongeza, "Si yanaota yenyewe tu?"

Yanaota yenyewe! Nilifunga kamba za viatu nikaondoka bila kujibu, kwa sababu jibu langu lilikuwa refu na lugha yake ilikuwa haifai mlangoni mwa msikiti. Nimelisafisha, nimeliandika hapa.

Nilifika London baada ya mapinduzi ya kwetu Unguja, nikipitia Mombasa, na baada ya kazi mbili tatu za ghalani nikaajiriwa kwenye uwanja wa gofu upande wa kaskazini, si mbali na Kenton. Kwa wale wasiojua mchezo huu: watu wanapiga mpira mdogo mpaka uingie kwenye shimo, na shimo lenyewe liko katikati ya kiwanja kidogo cha majani mafupi mno, laini kama zulia. Kiwanja hicho sisi tulikiita grini. Kila shimo lina grini yake, na kila grini ina bendera yake. Grini moja ina kazi kuliko shamba zima la muhogo. Nasema hivyo na baba yangu alilima muhogo.

Majira ya joto kila mtu ni fundi. Ukikosea leo, wiki ijayo majani yameshajifunika. Mtihani uko mwisho wa baridi, mwezi wa Februari na mwanzo wa Machi. Wakati huo majani yamelala. Hayafi, lakini hayakui, na kitu kisichokua hakiponi. Kidonda utakachokitia wakati huo utakitazama mpaka Aprili, na kila mwanachama atakayepita atakitazama pamoja nawe na kukuuliza unalipwa kwa kazi gani.

Aliyenifunza ni Declan, mkuu wetu wa uwanja, mtu wa Ireland, mwembamba, mwenye kisu kidogo cha kukunja kisichotoka mfukoni mwake. Alifundisha kwa kugomba. Baridi yangu ya kwanza niliona grini zimepauka, nikazionea huruma. Declan akanikuta njiani na ndoo ya mbolea.

"Unakwenda wapi na hiyo?"

"Kuyapa chakula. Yana njaa."

"Yamelala, Khamis! Wewe ukiwa usingizini nikutie wali mdomoni, utanishukuru? Utakabwa! Rudisha ndoo."

Baadaye akanionyesha kwenye uwanja wa jirani yaliyowapata waliolisha majani wakati wa baridi: madoa ya ukungu, mviringo kama sahani, grini nzima kama mtu mwenye choa. Tangu hapo nilijua kazi ya Februari ni kazi ya kujizuia. Tulipita alfajiri na ufito mrefu unaonepa, tukapangusa umande usikae juu ya majani ukaleta ukungu. Tulitoboa ardhi kwa uma, tukirudi nyumanyuma ili tusikanyage tulipotoboa, maji yashuke na hewa iingie. Tulisubiri vijilima vya nyungunyungu vikauke ndipo tukavifagia, maana ukivifagia vibichi unapaka tope kama mtu anayepaka siagi. Siku za mvua tulikaa bandani tukinoa visu vya mashine. Kisu kibutu hakikati, kinachana, na jani lililochanwa linakuwa jeupe nchani.

Siku hizi wana vipimo vya joto vinavyosomwa kwenye simu. Vizuri. Lakini simu haina mgongo wa kuuma, kwa hiyo haijui kusubiri.

Sasa nifike kwenye jalidi, maana hasira yangu imekaa hapo.

Jalidi ni ule umande ulioganda. Unaamka asubuhi uwanja wote mweupe, kama mtu amemwaga chumvi. Maji yaliyo ndani ya jani nayo yameganda, na jani limekuwa kama kioo. Ukilikanyaga linavunjika kwa ndani. Siku hiyo huoni kitu. Baada ya siku chache unyayo wako unajitokeza, mweusi kwanza, halafu rangi ya majani makavu, na unakaa hapo mpaka masika ya huku yaje. Kwa hiyo asubuhi ya jalidi hatuweki bendera kwenye grini. Bendera isipokuwepo maana yake grini imefungwa, na uamuzi huo ni wa mkuu wa uwanja, si wa mwingine yeyote. Ndivyo ilivyo desturi ya kazi.

Desturi. Lakini tulikuwa na kepteni wa klabu, yaani mwanachama aliyechaguliwa na wenzake kuwaongoza, mtu mwenye ofisi mjini na sauti ya kuita teksi. Yeye Jumapili yake haizuiliwi na baridi. Mara ngapi msimu mmoja wa baridi alisimama mlangoni mwa banda, glavu mkononi, akasema, "Weka bendera, Declan, wanachama wamekuja kutoka mbali." Na mara ngapi Declan, yule yule aliyenigombeza kwa ndoo moja, aliuma meno na kusema, "Khamis, kaweke." Mwisho wa Februari grini ya nne ilikuwa imejaa nyayo zao, inafanana na njia ya ng'ombe.

Hamadi alikuja kwetu vuli iliyotangulia msimu huo. Alikuwa mtu wa Wete, Pemba, mwenye umri wa kunifanya mimi kaka yake mkubwa, mchapakazi, mcheshi. Mimi ndiye niliyemsemea kwa Declan. Mkewe Asha na binti yao walikuwa bado Pemba. Maombi yao ya kuja yalikuwa yamefika pazuri, na ofisi ya uhamiaji ilitaka jambo moja tu: Hamadi awe na kazi ya kudumu siku watakayomwita. Basi kazi ile kwake haikuwa mshahara tu. Ilikuwa ndiyo daraja la mkewe.

Aliishi Barking. Kutoka Barking mpaka kwetu ni kuuvuka mji mzima. Alipanda treni alfajiri haijaingia, akashuka jua linakaribia kutoka. Siku moja ya jalidi alifika, banda limefungwa, Declan na funguo zake bado, mimi bado niko kwenye basi, na wakati wa sala unakimbia. Alipotazama chini, kote kando ya banda ni tope, mafuta ya mashine, na haja za mbwa wa wanachama. Koti lake, ambalo angelitandika, lilikuwa na tope la jana. Akatafuta mahali safi. Na mahali safi kuliko pote, tambarare, pasipo uchafu wowote, palikuwa grini ya nne.

Akavua mabuti kwa adabu, akasali.

Hakuniambia, kwa sababu hakuona la kuambia. Baada ya siku chache tukapita na ufito wa umande, nikaziona. Katikati ya njia ya ng'ombe ya wanachama, pembeni kidogo mwa shimo, palikuwa na alama zimepangika vizuri: ncha za miguu miwili, magoti mawili, viganja viwili, na mbele yake doa moja la paji la uso. Viungo vyote saba vya sijida, vimechomwa kwenye majani, vimeelekea kusini mashariki sawasawa. Kibla hakikukosewa hata kidogo.

Nikaita, "Hamadi! Njoo hapa. Nini hiki?"

Akaja, akatazama, akashika kichwa. "Yakhe Maalim! Ni mimi huyo."

"Sikukwambia mtu hakanyagi grini asubuhi ya jalidi?"

"Uliniambia. Ndiyo maana viatu n'livua."

"Viatu! Kwani viatu vina kilo ngapi? Ni wewe mwenyewe!"

"N'lidhani ni yale mabuti, Maalim. Na nikasema, barafu ni maji, na maji ni tohara."

"Tohara iko. Lakini umesujudu juu ya kioo cha watu! Ardhi yote hii Mungu ameifanya msikiti, wewe ukachagua pale pale penye kuvunjika? Sala haimpi mtu ruhusa ya kuharibu mali ya mwenzake!"

Nilimgombeza sana, na sijutii. Alistahili. Akasema kwa sauti ndogo, "Lakini Maalim, hebu tazama kibla. Bila dira!" Nikageuza uso nisicheke.

Kepteni aliziona siku hiyo hiyo. Alituita grini ya nne, Declan, mimi na Hamadi, akanyoosha kidole chini. "Nani amefanya upumbavu huu?"

Hamadi angeweza kunyamaza. Kwa kepteni zile alama hazikuwa na maana. Alidhani mlevi ameanguka. Lakini Hamadi akasema, "Mimi, bwana. Nilikuwa nasali. Nimekosa, sikujua. Nitatengeneza."

Uso wa kepteni ukabadilika. Nawaambieni, nimeishi na watu wa aina nyingi, na najua tofauti ya mtu aliyekasirishwa na kosa na mtu aliyefurahi kupata kosa. "Kusali," akasema. "Kwenye grini yangu. Declan, huyu hawezi kubaki. Anayekanyaga grini zenye jalidi hana kazi katika klabu hii. Jumapili baada ya mashindano kamati ya klabu inakaa, tutamaliza."

Nikasema, "Bwana, na nyayo hizi nyingine?" Zilikuwa zimetuzunguka pande zote, nyeusi, za misumari ya viatu vya gofu. Baadhi zilikuwa kubwa sana, na kepteni alikuwa na miguu mikubwa.

"Hao ni wanachama," akasema. "Wanalipa." Akaondoka.

Nikamtazama Declan. Nilingojea mtu yule aseme neno. Alikuwa amekifungua kisu chake, anasafisha kucha.

Dini imetufundisha mtu akikasirika atawadhe. Nilikwenda kwenye bomba la nje, nikatawadha kwa maji ya Februari. Mikono ilikufa ganzi. Hasira ilibaki pale pale, safi, imetawadha.

Nikaingia bandani. Declan anainoa mashine.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Mtu wako kakosa."

"Kakosa asubuhi moja, kwa kutojua. Nimemgombeza mpaka sauti imenikauka. Hao wamekosa majira mazima, kwa kujua, na bendera tuliwawekea sisi. Kwa amri yako."

"Khamis, nina miaka michache nistaafu."

"Na yeye ana mke hajafika! Unajua kazi hii ndiyo inamleta."

Akazima mashine. "Unataka nifanye nini? Nigombane na kepteni?"

"Ulinigombeza mimi kwa ndoo ya mbolea. Nilidhani unayapenda majani. Kumbe ulikuwa unajua tu nani anagombezeka."

Akawasha mashine tena, na mimi nikatoka.

Jumapili ilifika na jalidi nzito kuliko zote za msimu ule. Nilipofika Declan alikuwa ameshafungua, amekaa juu ya ndoo, bendera zote zimeegemezwa ukutani. Hamadi alikuwa anafagia, hatazami mtu. Nje magari ya wanachama yalianza kuingia, wenyewe wakashuka, moshi wa baridi mdomoni, kofia za sufu, wanapiga miguu chini. Kepteni akaja mlangoni.

"Bendera, Declan."

Declan akaniangalia. "Khamis, ka..." Hakulimaliza.

Nikasimama, nikazikusanya bendera zote mikononi. Nikasema, kwa adabu, maana adabu sikuipoteza siku hata moja katika kazi yangu, "Bwana kepteni, naomba kuelewa amri. Ulisema anayekanyaga grini zenye jalidi hana kazi hapa. Nikipeleka bendera hizi, nitakanyaga kila grini. Kwa hiyo na mimi kamati initoe jioni hii pamoja na Hamadi? Nijue mapema, nimwambie mke wangu."

"Usijifanye mjanja."

"Sina ujanja, bwana. Nina watoto. Aliyesujudu anafukuzwa, na mimi nitakayetembea nasifiwa? Basi chukua, peleka wewe." Nikamnyooshea.

Hakuzipokea. Wanachama kadhaa walikuwa wamesogea wakisikiliza, na mmoja wao, mzee mwenye fimbo, akauliza, "Kwani nani kasujudu?"

Ndipo Declan akainuka kwenye ndoo. Alitoka nje mpaka ukingo wa grini iliyo karibu na banda, akapiga goti kwenye njia ya mawe, akachoma kisu chake kwenye majani. Kiligonga kama kimegonga sahani. Akarudi.

"Grini zimefungwa," akasema.

"Declan..."

"Zimefungwa. Zingefungwa tangu Desemba kama ningekuwa mwanamume. Jua likitoka, ardhi ya juu itayeyuka na ya chini itabaki imeganda, hapo ndipo mbaya zaidi, ukikanyaga mizizi inakatika. Kwa hiyo mtasubiri mpaka niseme. Na huyu kijana habari yake uilete kamati pamoja na yangu, maana bendera zote za msimu huu nimeziweka mimi, kwa neno lako. Nitawaeleza Jumapili moja moja."

Yule mzee wa fimbo akasema, "Basi tukanywe chai," na wanachama wakaanza kugeuka mmoja mmoja. Kepteni alibaki peke yake mlangoni na glavu zake. Alitazama bendera mikononi mwangu, akamtazama Hamadi, na akaenda zake.

Waliingia uwanjani adhuhuri imepita. Bendera zilipelekwa na Hamadi.

Kamati ilikaa jioni, na habari yake haikuletwa. Hakuna aliyemwambia amesamehewa, hakuna aliyemwambia abaki. Alikuja Jumatatu, akapewa uma kama kawaida. Kesho yake Declan, bila kusema na mtu, alihamisha magunia ya mchanga kwenye pembe moja ya banda, akapasugua kwa maji ya moto na sabuni, akatandika kipande cha zulia kipya, na kwenye ndoano ya ukutani akatundika ufunguo wa ziada. "Wa mtu wa Barking," akasema. Nikalichukua hilo kuwa ndilo ombi lake la radhi, na nimemsamehe kwa moyo mweupe.

Alama za grini ya nne tuliziziba mimi na Hamadi. Kuna chombo cha duara cha kuchimbia shimo. Unatoa nacho kipande kibovu, unapachika kipande kizima kutoka kitalu cha majani nyuma ya banda. Hesabu urefu vizuri, kikitokeza mashine itakinyoa, kikizama mpira utaruka. Nyayo za wanachama zilikuwa nyingi mno, zikaachiwa Mungu na Aprili.

Asha alifika kabla ya majira ya joto kwisha, na binti yao amemshika kanga. Hamadi aliwaleta kwangu Kenton siku ya pili tu, mke wangu akapika mpaka majirani wakafungua madirisha. Asha akaniuliza, "Maalim, kazi yenu huko ni kazi gani hasa? Huyu kila barua ni jalidi, jalidi, nikadhani ni jina la mwanamke." Hamadi akacheka mpaka machozi. Mimi nilicheka, halafu nikaingia ndani kutazama kama chai imechemka, kwa sababu nilifikiri kwamba mama huyu na mtoto huyu walikaribia kubaki ng'ambo ya bahari kwa ajili ya sala ya rakaa mbili.

Kepteni alimaliza muda wake, akachaguliwa mwingine. Yule wa kwanza alibaki mwanachama, nikamkatia majani miaka mingine mingi. Alikuwa akinisalimu kwa kidole, kama unavyosimamisha basi. Hakumwomba Hamadi radhi mpaka anakufa. Kila Ramadhani nikiinua mikono ninaomba nipewe moyo wa kumsamehe mtu yule, na kila Ramadhani ninashusha mikono nikiwa bado. Sijakata tamaa. Mungu ananijua, na anajua sikuzidisha wala sikupunguza katika niliyoyaandika. Nanyi niombeeni.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe riziki ya halali, na bosi mwenye mizani moja, na mwenza wa kazi atakayenyanyuka kwenye ndoo hata kama amechelewa. Awakusanye wako wote upande mmoja wa bahari. Na kila alfajiri ya maisha yako, popote itakapokukuta, akujaalie mahali pakavu pa kuweka paji la uso wako. Amin.